Dawa ya Kulala na Dawa ya Kusema

Tulimzika Mzee Mtopa mwezi uliopita, kule Narung'ombe, baada ya sala ya adhuhuri. Mtopa si jina lake, na wote nitakaowataja humu nimewabadilisha majina, kwa sababu wana watoto, na watoto wana masikio. Nilifika na basi la asubuhi kutoka Nachingwea, magoti yananiuma, nikaenda upande wa wanawake, nao wakanipisha. Hawakunipisha kama anavyopishwa mgeni. Walisogea zaidi ya ilivyohitajika, mkeka mzima ukabaki wangu, na binti mmoja aliyekuwa akigawa maji akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule nesi aliyesikia." Upande ule nimeitwa hivyo tangu ujana wangu. Nilipokea maji nikanywa. Marehemu alikuwa kungwi mkuu wa jando, mtu aliyewapokea watoto wa kiume porini na kuwarudisha kwa mama zao wakiwa wanaume, na wanaume hao walikuwa wamejaa uwanja mzima hadi barabarani, wengine wana mvi. Walisema habari za ukali wake na haki yake. Mimi nilikuwa nawaza mguu wake wa kulia, ambao aliutembelea hadi siku aliyolala asiamke, na mwaka ule ambao nusura aukose.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na sijawahi tena kuogopa kiasi kile, hata nilipobaki mjane. Nilitoka chuo cha uuguzi sare ikiwa bado na mikunjo ya dukani, nikapangiwa kituo cha afya kimoja upande wa Ruangwa. Kilikuwa na wodi mbili, chumba cha kuzalishia, na chumba kimoja mwishoni mwa baraza tulichokiita majeruhi. Chumba hicho ndicho kilichonitoa jasho. Kilikuwa na kitanda cha chuma kilichopakwa rangi nyeupe mara nyingi hata vyuma vyake vikawa vinene, dirisha la wavu linalotazama uwanja wanakokaa ndugu wa wagonjwa, mashine ya kufyonza mate ya kukanyaga kwa mguu, na kabati la dawa kali lenye kufuli mbili. Asubuhi nikisikia gari linaingia kwa kasi getini, nilikuwa nimeshaanza kuogopa kabla sijamwona mgonjwa. Chuoni walitufundisha kwamba muuguzi huficha woga wake. Hawakusema huuficha wapi. Mimi niliuficha kwenye kucha, nikazila zote, hadi Mama Hadija akanipaka pilipili vidoleni kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Mama Hadija alikuwa muuguzi mkuu wetu, Mmwera wa palepale, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyenipangisha chumba cha uani kwake. Kilikuwa na kitanda, ndoo, na msumari wa kutundikia sare. Ukuta wake haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno ya nyumba nzima yalinijia bila kuyaita. Nilijua bei ya ufuta, nilijua nani kaposwa, nilijua mume wake anaumwa wapi. Chakula tulikula pamoja, ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu kilichotwangwa vizuri kikaungwa karanga, na mezani hapo ndipo nilipojifunza nusu ya kazi yangu, kwa sababu Dokta Tesha naye alikula kwake. Dokta alikuwa kijana kutoka Moshi, hajaoa, hajui kupika, na ugali wa muhogo ulimchosha, lakini hakukosa siku hata moja. Alikuwa akila huku anabishana.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya maumivu. Mtu akivunjika, umpe nini? Panadoli tuliwapa wote, na Dokta alisema kumpa panadoli mtu aliyevunjika paja ni kumpa pole. Sindano ya diklofenaki ilisaidia zaidi, lakini kwa mtu anayevuja damu aliiogopa. Kwenye kabati la kufuli mbili kulikuwa na pethidini na ketamini, na hapo ndipo vita ilipokuwa. Mama Hadija alikuwa mtu wa pethidini. Mgonjwa analala, ndugu wanaona amelala, kila mtu anashukuru. Dokta Tesha alikuwa mtu wa ketamini. Inamtoa mgonjwa kwenye maumivu bila kumnyang'anya pumzi wala kumshusha presha, alisema, na sisi hapa hatuna mashine ya kumpumulia mtu, mashine yetu ni Skola. Skola ni mimi. Alisema hivyo akicheka, na mimi nikarudisha tonge sahanini.

Siku moja Dokta akaamua tuwaulize wagonjwa wenyewe. Kila aliyechomwa sindano ya maumivu, iwe ipi, nimfuate baadaye nimuulize anajisikiaje, kisha mezani tulinganishe. Nilizunguka wiki nzima. Aliyevunjika mkono alisema, nafuu, nashukuru. Aliyepasuliwa jipu alisema, nafuu. Mama mmoja aliyeungua na mafuta, ambaye nilikuwa sijamchoma chochote bado, naye alisema, nafuu mwanangu, poleni na kazi. Dokta aliniuliza kama nawauliza vizuri. Mama Hadija alicheka hadi akaweka tonge chini. "Dokta, hapa hata maiti ukimuuliza atakwambia nafuu," alisema. "Mtu mzima anakwambiaje inauma? Wewe ni nani yake?" Kwao kulalamika kwa mtu aliyekuja kukusaidia ni utovu wa adabu, na kwa mwanaume ni zaidi ya hapo. Mwanaume alishaulizwa kuhusu maumivu mara moja, porini, akiwa mtoto, na jibu alilotoa siku ile ndilo la maisha. Tangu hapo niliacha kuuliza, nikawa naangalia bakuli. Mwenye maumivu haumalizi uji wake, hata akitabasamu vipi.

Kuogopa pethidini nilianza mapema. Kijana mmoja wa Likunja alianguka kutoka juu ya mkorosho akipogoa, akavunjika paja, na alipoletwa alikuwa ameuma shati lake hadi limechanika. Mama Hadija alimchoma pethidini. Uso ukalegea, shati likatoka mdomoni, nikafurahi kama mtu aliyeona mvua. Halafu nikaona kifua kinapanda kwa uvivu. Kinapanda, kinakaa, kinashuka, kinasahau. Niliita kwa sauti iliyopasuka. Dokta alikuja, akampima, akasema hatuna dawa ya kuirudisha hii nyuma. "Kaa naye," aliniambia. "Akisahau kupumua, mkumbushe." Nikakaa naye mchana mzima, kiganja kifuani, nikimwambia vuta pumzi kaka, vuta kaka, naye kila nikimwambia anavuta moja, kama mtu anayekubali kitu ili asikuudhi. Nilijikojolea kwenye sare na sikuondoka. Alipoamka aliomba muhogo wa kuchemsha. Mimi nilitoka nikakaa chini ya bomba la maji hadi Mama Hadija akaja kunifunika kanga. Hadi leo, nikiwa nimestaafu na sina wa kumlinda, nikiona mtu amelala sana huwa naangalia kifua.

Kwa hiyo ketamini ilipokuja kutumika, niliipokea kama ndugu. Mtu wa kwanza niliyemwona nayo alikuwa mwanaume wa Malolo, nitamwita Issa, aliyeanguka na baiskeli yenye gunia la ufuta, bega likachomoka. Dokta alimchoma taratibu. Macho ya Issa yalibaki wazi, yakawa yanacheza kushoto na kulia bila kutuona, lakini kifua chake kilipanda na kushuka vizuri, presha imetulia, bega likarudi mahali pake kwa mlio mmoja, wala hakukunja uso. Nilimshukuru Mungu. Ndipo Issa akaanza kuimba. Aliimba kwa sauti nzito, maneno ambayo sikuyajua, na Mama Hadija, aliyekuwa ameshika sinia la vifaa, akaliachia sinia likaanguka. Alijifunika kanga kichwa kizima, akanishika mkono, akanivuta hadi nje kama nyumba inaungua. Nje, chini ya lile dirisha la wavu, wake na mama za wagonjwa walikuwa wanakimbia, wengine wameziba masikio. Zilikuwa nyimbo za jandoni. Mwanaume huapa porini kwamba hazitatoka mdomoni mwake mbele ya mwanamke, na Issa alikuwa amewaimbia kijiji.

Jioni ile nilimsikia mume wa Mama Hadija upande wa pili wa ukuta. Alisema wazee wamekaa, Issa atatozwa faini. Faini si neno, alisema, faini ipo kwa ajili hiyo, mtu anatoa mbuzi na mambo yanaisha. Lakini Issa hataitwa tena kusimamia watoto. "Na hao wanawake?" Mama Hadija aliuliza. "Waliosikia waende wakapakwe unga," alisema mume wake. "Mwanamke akibaki na maneno yale mwilini, tumbo lake linafunga." Mimi ni Mmakua, Mkristo, nimesoma mfumo wa uzazi kwenye kitabu chenye picha za rangi. Na bado nilikaa kitandani nimeshika tumbo kwa mikono miwili, najaribu kukumbuka nilisikia maneno mangapi kabla hatujatoka. Nilikuwa nimechumbiwa. Elimu ni nguo nzuri, lakini ukiogopa unajikuta uchi.

Baada ya hapo watu wenyewe wakazipa dawa zetu majina. Pethidini ikawa dawa ya kulala, ketamini ikawa dawa ya kusema. Wanaume walikuja wamevunjika na neno lao la kwanza lilikuwa, msinipe ile ya kusema. Dokta Tesha alikuwa anakosa usingizi. Ile dawa salama kuliko zote alizokuwa nazo ndiyo iliyokataliwa, na ile iliyotaka mlinzi wa kifua kila inapochomwa ndiyo iliyopendwa. Nilimwelewa, na niliwaelewa na wao, na kuelewa pande zote mbili hakukunipunguzia woga hata kidogo.

Mvua za kwanza zilitukuta wakati wa kusomba korosho. Barabara ya Nachingwea ikawa sabuni, na gari letu pekee lilikuwa limempeleka huko mama aliyeshindwa kujifungua, Mama Hadija akiwa naye. Ilikuwa kabla ya mchana. Lori la korosho liliteleza mlimani likalala ubavu, na waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakarushwa. Wengi walichubuka tu. Mmoja aliletwa kwenye mlango wa nyumba uliong'olewa ukawa machela, akiwa ametulia, macho yake kwenye dari, na watu wote walioubeba mlango ule walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kama wako msikitini. Nilipofunua shuka niliuona mguu wake wa kulia. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na unyayo ulikuwa umegeukia nyuma, wa baridi, wa rangi ya jivu. "Shikamoo baba," nilisema, maana sikujua la kusema. "Marahaba, mwanangu," alijibu. Nikamuuliza anajisikiaje. Alisema, "Nafuu."

Huyo alikuwa Mzee Mtopa, wakati huo mwanaume wa makamo mwenye mabega ya kubeba gogo. Mdogo wake, Bakari, aliyekuwa naye juu ya lori, alisimama kichwani pake, damu kavu kwenye nyusi. Dokta alipapasa unyayo akitafuta mapigo ya damu na hakuyapata. Akatuambia wazi, mbele ya mgonjwa, kwa sababu hakuwa na muda wa kuzunguka. Mguu unakosa damu. Ukinyooshwa sasa hivi unaweza kupona, ukingoja gari lirudi utakufa, na utakatwa Nachingwea. Kuunyoosha bila dawa haiwezekani, misuli itakaza na moyo unaweza kushindwa. Amepoteza damu, presha yake iko chini, na ubavuni anaonekana ameumia. "Pethidini itamlaza na inaweza isimwamshe," alisema. "Nitampa ketamini."

"Hapana," alisema Mzee Mtopa. Hakupandisha sauti. "Nipe ile ya kulala."

"Mzee, ile itakuua."

"Basi nivute hivihivi. Au kata."

"Hata kukata nitakuchoma hiyohiyo," alisema Dokta, na sauti yake ilitetemeka, ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa, na woga wangu ukapoteza mahali pa kuegemea.

Mzee akanitazama mimi. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto aliyetumwa mahali pabaya. "Mimi ndiye ninayewaapisha, mwanangu," alisema. "Issa nilimwapisha mimi. Faini yake niliisema mimi. Leo nilale hapa niimbe mbele yako?" Nilitazama unyayo. Ulikuwa umezidi kuwa wa kijivu, au macho yangu ndiyo yaliyozidi kuogopa. Bakari akamuuliza Dokta kama mimi siwezi kutoka nje. Dokta alisema yeye atavuta, Bakari atashika paja, na lazima awepo mmoja wa kulinda pumzi, na mlinzi wa pumzi aliyefundishwa ni huyu mmoja. "Na wewe Dokta," Bakari aliuliza, "kwenu mnaingia porini?" Dokta alisema kwao wanatahiriwa lakini si hivi. Bakari alifikiri. "Wewe ni mwanaume," alisema. "Wewe tutakuvumilia." Kisha akaokota mfuko wa pamba mezani, akautazama, akanitazama masikio.

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Mzee mwenyewe alitoa masharti, amelala na mguu uliogeuka, kwa utulivu wa mtu anayepanga shughuli ya harusi. Dirisha lifungwe na ndugu wasogezwe hadi getini. Mimi nizibe masikio kwa pamba na plasta juu yake. Nisimtazame mdomo, maana midomo inasomeka, nitazame kifua tu. Bakari alinijaribu, akaniita nyuma ya kisogo na mimi sikugeuka. Ukweli nilisikia kitu kama mbu, lakini maneno sikuyapata. Nilichokuwa nasikia ni damu yangu mwenyewe ikigonga ndani ya kichwa. Mlinzi wa pumzi analinda kwa masikio kuliko kwa macho, kila nesi anajua, pumzi iliyoziba inakoroma kabla haijakatika. Mimi nilikuwa nimekwenda lindo nikiwa kiziwi. Niliweka kiganja kifuani pake na kingine tumboni, nikamwambia Mungu kwamba akifa mtu huyu naacha kazi na kurudi nyumbani kulima.

Dokta alichoma. Niliona macho ya Mzee yanaanza kucheza nikashusha yangu kifuani kama nilivyoahidi. Kikapanda, kikashuka. Dokta na Bakari walianza kuvuta, kitanda kikatikisika, niliona mishipa ya mikono yao imesimama, yote katika kimya kile cha pamba kama mambo yanayotokea chini ya maji. Kifua kikapanda, kikashuka. Halafu viganja vyangu vikaanza kuniambia kitu kingine. Kifua kilikuwa kinazama na tumbo ndilo linapanda, kifua kinazama, tumbo linapanda, kama mizani inayobishana. Nilijua maana yake kutoka kwenye kitabu, kwamba njia ya hewa imeziba, na nilisali iwe nimekosea. Nilimwambia Dokta, lakini sikujisikia nikisema, na yeye hakuinua kichwa, maana mfupa ulikuwa njiani. Nikatazama mdomo. Mate yalikuwa yamejaa na midomo ilikuwa inageuka rangi.

Nikang'oa plasta. Ilitoka na nywele, pamba ikaanguka, na chumba kikaniingia masikioni kwa mara moja, miguno ya wanaume wanaovuta na ule mkoromo, mkoromo mbaya wa mtu anayezama. Niliuinua utaya wake kwa vidole viwili kila upande, nikamgeuza kichwa, nikakanyaga mashine ya kufyonza, nikakanyaga, kibomba mdomoni mwake, hadi mate yakaisha na pumzi ikapita. Ilipita kwa sauti kubwa, safi. Sijawahi kusikia muziki wowote mzuri kuliko ule. Wakati huohuo mfupa ukaingia na Dokta akapiga kelele ya ushindi. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya uso wa Mzee, masikio wazi, utaya wake mikononi mwangu, siwezi kuuachia, siwezi kukimbia. Ndipo aliposema.

Hakuimba. Alilia. Ilikuwa sauti ndogo, ya juu, sauti ya mtoto wa kiume, na alisema kwa Kimwera, lugha niliyokuwa nimekwishaizoea kwa kupitia ule ukuta. "Mama. Mama, waambie waache. Mama, inauma. Njoo unichukue." Alirudia hivyohivyo, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, yule mtu wa mabega yale, na kila alipoita mama alingoja kidogo, kama anayesikiliza nyayo. Dokta Tesha hakujua Kimwera, alikuwa anafurahia unyayo unaorudi rangi. Niliinua macho. Bakari alikuwa bado ameshika paja la kaka yake, ananitazama mimi na masikio yangu yaliyo wazi. Nilimfuta Mzee machozi kwa kona ya shuka, nikamfuta tena, hadi yakakoma.

Alipozinduka, mguu ulikuwa umeshafungwa mbao na vidole vyake vina joto. Aliutazama kidogo tu. Alimtafuta Bakari kwa macho. "Nilisema?" aliuliza.

"Uliimba, kaka," alisema Bakari.

"Ipi?"

"Ile ya alfajiri."

"Yote?"

"Mpaka mwisho."

Mzee akafumba macho, akayafumbua, akayaleta kwangu. Aliiona pamba sakafuni. "Na nesi alisikia?"

Nilimtazama Bakari. Uso wake haukunisaidia. Nilikuwa naogopa kusema uongo mbele ya mtu aliyetoka mikononi mwangu, na niliogopa kusema kweli zaidi. "Nilisikia, baba," nilisema.

"Haya," alisema Mzee Mtopa, na niliona kabisa mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo. "Mbuzi yupo. Nipeni maji."

Mbuzi alichinjwa, na baada ya hapo hakuna mzee aliyemsema vibaya, kwa sababu waliona mguu na wakaona ni dawa. Mwezi uliofuata walikuja wanaume wawili wamevunjika na hakuna aliyekataa ketamini, maana kama kungwi mwenyewe iliwahi kumwimbisha na akalipa na akabaki kungwi, basi ilikuwa kitu kinacholipika. Dokta Tesha alidhani ni hoja zake mezani zimeshinda, na Mama Hadija alimwacha adhani hivyo. Mimi nilipelekwa kwa bibi mmoja, akanipaka unga kwenye paji la uso na tumboni, akanionya nisiimbe. Mama wa mchumba wangu alipata habari, akavunja uchumba. Nililia mwaka ule kwa mambo mengi, na hilo lilikuwemo. Niliolewa baadaye na mtu mwingine, nikazaa wawili, na kila nilipokuwa mjamzito nilihesabiwa na kila mwanamke wa upande ule kuwa nimeponea chupuchupu. Wangejua nilichosikia wasingenihesabu chochote. Bakari alitangulia kufa miaka iliyopita, na sasa kaka yake amemfuata, nimebaki mimi peke yangu na sauti ile ya mtoto. Naiandika kwa sababu nimeshika majeruhi wengi tangu siku ile, na kila mmoja aliyeniambia nafuu nilimsikia yeye nyuma yake.

Lakini siku ile sikuwa na hekima hiyo. Nilikuwa binti mwenye plasta imening'inia kwenye nywele, nimetoka nje nikamkuta Bakari bombani ananawa damu ya kaka yake. Nilisimama karibu naye hadi amalize. Nilikuwa na hasira, nadhani, kwa sababu woga ukinitoka huwa unaacha hasira nyuma. Nilimuuliza kwa nini amemwambia ameimba, wakati kiapo hakikuvunjika, wakati angeweza kumpa kaka yake furaha ya kujua kwamba hajasema hata neno moja la porini.

Bakari alifunga bomba. Alijifuta mikono kwenye shati, taratibu, kila kidole.

"Kuimba kuna faini yake, nesi," alisema. "Atatoa mbuzi, watakula, yataisha. Kulia hakuna faini."